Nahodha Aliyekataa Kutoka Uwanjani

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Dada yangu Mwanakombo,

Assalamu alaykum. Namuomba Mola barua hii ikukute umekaa kitako, na Mama awe ameamka na nafuu, japo ya kushika kikombe cha uji mwenyewe. Mie mzima kwa rehema zake, ila mgongo, na joto hili ambalo hata usiku halipoi. Nampa barua jirani yetu wa Wingwi anayekuja likizo. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza habari ya Mama tu, unasema, "Khamis, nimechoka, tutasema kesho," na kesho ikifika ni maneno yale yale.

Jirani yako Bi Time kanipigia. Kanikataza nisikwambie kuwa ni yeye, lakini atakuwa nani mwengine? Kasema ulimshika Mama kwapani kumpeleka msalani, magoti yakakulegea, mkashuka wote wawili mpaka chini. Ukakaa hapo sakafuni umemkumbatia, kwa sababu nguvu za kumnyanyua huna, mpaka yeye alipopita kuomba chumvi. Alhamdulillahi hakuvunjika mtu. Tangu siku hiyo kila nikifunga macho nawaona nyinyi wawili pale chini.

Huku kazi ni ile ile. Unanicheka eti nimevuka bahari kuja kutazama watu wazima wakikimbiza kijipira kwa bakora. Sawa. Mie namwagia maji uwanja, maana ni zulia la nyasi za bandia na likikauka mpira hauendi, nafua jezi, napanga chupa za maji. Lakini mpira huu wa magongo umenifundisha jambo, na nimechoka kukaa nalo peke yangu.

Mchezo huu mtu hutoka na kuingia wakati wowote, hata mara kumi. Kwa jua la huku asiyetoka ataanguka. Kwa hiyo kocha wetu hana watu wa kucheza tu na watu wa kukaa tu. Wote hufanya mazoezi sawa, kila mmoja hufundishwa na nafasi ya mwenziwe, na wote hufika mapema. Aliyechelewa hachezi, hata awe hodari vipi. Sharti moja kubwa: ukiitwa utoke, toka. Mwenzio haingii mpaka wewe umetoka.

Sasa nahodha wetu ni Said, kijana ambaye bibi yake katoka kwetu Pemba, ndiyo maana Kiswahili chake hakina kombo na mie ananiita Ami. Juzi tulikuwa mbele kwa bao moja, mchezo mgumu. Kocha akamwita Said atoke apumzike. Akanyanyua mkono: bado. Akaitwa tena: bado. Mara ya tatu akaja kwa kukokota miguu, na yule wa akiba, mwalimu wa skuli, mtu mkimya, alipomwona keshafika kwenye mstari akaingia. Mpira ukapita karibu. Said akageuka akaufuata. Tukawa kumi na wawili uwanjani badala ya kumi na mmoja. Mwamuzi akapuliza, na kosa kama hilo humwangukia nahodha. Kadi ya manjano, kakae kitini kwa muda, na mwengine mmoja atoke, wenzako wacheze kumi.

Nikampelekea maji. Kajifunika taulo kichwani.

"Ami, nimewaponza."

"Kunywa kwanza."

"Nikiwa sipo mie, pale atasimama nani?"

"Toa taulo utazame."

Akatazama. Yule mwalimu alikuwa kasimama pahala pake. Wengine hakuna aliyehama nafasi yake wala aliyebishana na mwamuzi. Walirudi nyuma kidogo, wakabanana, mipira ikawa inakuja na kurudi.

"Kumbe huyu anajua?" Said akasema.

"Si mnafanya mazoezi pamoja kila siku?"

"Sijapata kumtazama, Ami."

Adhabu ilipokwisha kocha hakumrudisha. Alimwacha akae mpaka miguu imrudie. Alipoingia alikuwa mtu mwengine, na tukashinda kwa bao lile lile moja.

Dada, wewe unayajua haya kuliko Said. Marehemu Baba alikuwa akisema nyuma ya imamu wasimame wenye kujua. Udhu ukimtoka katikati ya sala, anarudi, wa safu ya kwanza anasogea, na sala ya watu haivunjiki. Hakuna anayesema imamu kashindwa.

Mie na Kaka Juma ni wanaume, kumwogesha Mama hatuwezi. Lakini Asha, mke wa Juma, yupo Mtambile, na kamuuguza mamake mzazi miaka mpaka akazikwa. Najua utakalosema. Utasema siku ya harusi ya mwanao alisema mbele za watu kuwa wali wako mbichi. Dada, mie wali ule niliula, nisitie neno. Ila tangu hapo hujamtazama.

Kwa hiyo nimempigia bila ya ruhusa yako. Akaniambia, "Shemeji, mie mwaka mzima nangoja kuitwa. Dada yako angenituma hata kuteka maji ningekuja." Atafika Jumamosi ya wiki ijayo, Juma mwenyewe anamleta, na nguo za kutosha mwezi mzima kachukua.

Akifika mwoneshe ubavu wa Mama unaouma, na namna anavyopenda kugeuzwa. Mwambie uji hautaki na sukari nyingi. Halafu nenda kwa Bi Time, ukalale huko mpaka alasiri. Usibaki mlangoni kumchungulia kama anakosea. Atakosea. Mama atamwambia, ulimi wake Mungu kauacha mzima.

Nisalimie Kaka Juma, mwambie tende zake nampa huyu huyu jirani. Nisalimie mwanao na mumewe. Bi Time msalimie, na usimgombeze. Mama mbusie mkono wa kulia, ule unaohisi, umwambie Khamis wake anamuombea kila sala na radhi zake anazitaka.

Na Asha akigonga, dada, nenda ukafungue mwenyewe.

Nduguyo akupendaye,
Khamis