Kwa Ndugu Mbaruku, Kuhusu Mguu Wako na Mkutano wa Madaktari Vijana

Ndugu yangu Mbaruku,

Kwa heshima yote anayostahili mtu aliyekwisha kututangulia, mimi Athumani, mwandishi wa barua na maombi, mwenye meza yangu barazani mkabala na soko la Nakuru, naleta mbele yako maelezo yafuatayo. Najua utacheka. Ulikuwa ukiniambia, "Athumani, wewe hata chumvi mezani utaiomba kwa unyenyekevu mkubwa, na sahihi chini." Cheka tu. Sijui njia nyingine ya kuanza. Nimewaandikia watu kwa Bwana Shauri wa wilaya, kwa machifu na kwa mabwana wa mashamba, lakini sijapata kumwandikia mtu asiyekuwa na ofisi wala sanduku la posta, na kalamu imenigomea tangu asubuhi.

Kusudi la barua hii ni kukuuliza kama nilikusitiri au nilikuvua nguo. Sijui, Mbaruku. Kila nikilipima jambo hili linaegemea upande huu, nikiondoa macho linaegemea ule.

Kwanza habari za nyumbani. Bi Zuhura amemaliza eda yake, ni mzima wa mwili. Gari lako la hospitali lilisimama muda mrefu chini ya mjakaranda bila dereva, maua yakalifunika hata likaonekana kama limevishwa sanda ya zambarau. Sasa amepatikana kijana wa Njoro, jina lake Kibet. Anaendesha vizuri, ila ana haya. Akifika shambani hupiga honi mara moja, kisha hukaa ndani ya gari akitazama usukani. Wewe ulikuwa ukipanda juu ya boneti, ukaita kwa Kiswahili, kwa Kikikuyu na kwa kile Kikipsigis chako cha kuombaomba: "Mficha maradhi, kilio humfichua! Njooni mchana huu, msingoje kilio!" Wale akina mama wa pareto wakikuuliza, "Mbaruku, wewe ni daktari ama ni mnadi?" nawe ukiwajibu, "Mimi ni punda wa daktari, mama. Punda hasomi, lakini hufika."

Basi walikuja kwangu madaktari vijana watatu. Mkubwa wao ni Daktari Wekesa, yule mwembamba uliyekuwa ukimpeleka mashambani, ambaye ulisema anatembea kama anayeogopa kukanyaga mayai. Wote watatu wamemaliza masomo juzi juzi tu. Walinieleza kwamba madaktari wakubwa hukutana mjini na kuzungumza magonjwa ya mjini, wala hakuna anayeuliza mtu wa Ndabibi anatibiwaje, au mama wa shamba la ngano kule Njoro anajifungua mikononi mwa nani. Kwa hiyo walikusudia kufanya mkutano wao wenyewe hapa Nakuru, na waite si madaktari tu, bali na watu wa mashambani waje waseme kwa vinywa vyao.

Nawe wajua, katika siku hizi za Emajensi, hii hali ya hatari, watu hawakusanyiki ovyo. Kwa hivyo walitaka niwaandikie ombi la kibali kwa Bwana Shauri, na maombi ya pasi kwa kila atakayetoka shambani. Nililiandika ombi lile kwa uangalifu ambao sijapata kuutumia katika maisha yangu. Daktari Wekesa alipolisoma alikuna kichwa akasema, "Mzee Athumani, hii Kiswahili yako imevaa tai." Lakini kibali kilitoka.

Laiti yangekomea hapo. Walirudi, safari hii wakiwa na haya kidogo usoni. Walitaka mkutano ufunguliwe kwa kukukumbuka wewe, na mimi niwe msemaji. Daktari Wekesa alisema, "Utuambie vile aliishi na vile alikufa. Watu wanauliza ni homa gani iliua mtu mwenye alikuwa kwa gari ya hospitali kila siku. Sisi hatukumwona hata akiwa maiti, Mzee. Nyinyi mlizika haraka."

Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuona.

Nalazimika kulieleza hili, ingawa wewe ndiwe mwenyewe. Asubuhi ile, juu ya kitanda cha kuoshea, Maalim Idi wa msikiti wetu alishika kata, mimi nikashika kitambaa. Tulianza upande wa kulia kama ilivyo desturi. Tulipofika mguu wa kushoto, chini ya goti, tulikuta vitambaa vimezungushwa kwa ustadi mkubwa, vilivyochanwa kutoka katika nguo ya maua mekundu. Tukavifungua. Mbaruku, ndugu yangu, nyama ilikuwa imekwisha kuoza. Mguu ule haukuwa wa homa ya siku mbili. Ulikuwa wa miezi. Maalim Idi alinitazama machoni akasema polepole, "Athumani, tumeona maji tu." Nami nikaitikia, "Tumeona maji." Vitambaa vile nilivizika kwa mkono wangu.

Hapo ndipo nilipoanza kukumbuka mambo ambayo nilikuwa nayatazama bila ya kuyaona. Ulivyoacha kutia udhu pamoja nami pale msikitini, ukaja umekwisha kuutia nyumbani. Baadaye ukanunua soksi za ngozi, ukawa unazipaka maji juu bila ya kuzivua, nami nikadhani umezidi kuwa mtu wa dini, nikakuonea wivu! Tulisimama bega kwa bega katika safu moja, nawe umesimama juu ya kidonda.

Na lingine, Mungu anisamehe. Bi Zuhura hana nguo ya maua mekundu. Naijua nyumba yenu kama naijua yangu. Nilijiuliza ni nguo ya nani hiyo. Nikajijibu vibaya.

Kwa hiyo unaona nilivyokuwa nimebanwa. Desturi yetu iko wazi: aliyeosha maiti akaona la kufichwa, alifiche. Lakini vijana wale nao walikuwa wanauliza jambo la haki. Wanataka kujua kwa nini watu wanaficha ugonjwa na daktari yuko mlangoni, nami ninalo jibu, au nusu ya jibu, limelala chini ya ulimi. Nikinyamaza, wengine watakufa na soksi zao miguuni. Nikisema, nimemvua nguo rafiki yangu mbele ya mjane wake, na pengine nimemtangazia mwanamke mwingine ambaye simjui.

Nilimwendea Maalim Idi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kilichobaki chini ya shuka, kibaki chini ya shuka." Nikafurahi kwamba nimepata hukumu. Nilipofika mlangoni akaniita tena: "Lakini Athumani, sijui." Maalim Idi! Mtu ambaye sijamsikia akisema hajui tangu nimzoee.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Madaktari vijana walitoka hata wilaya za mbali, wengine na makoti yaliyowazidi mabega. Watu wa mashambani walikaa upande mmoja wameshika pasi zao mikononi, kama kwamba wakiziweka mfukoni zitayeyuka. Bi Zuhura alikaa nyuma pamoja na akina mama wa mjini. Nilisimama, nikasoma sifa zako. Nilikuwa nimeziandika vizuri, Mbaruku. Nilitaja punda wa daktari na watu wakacheka. Nilitaja boneti, nikataja hata Kikipsigis chako. Nilipofika kwenye kifo chako niliandika, nami nikasoma: "Akashikwa na homa ya ghafla, akaitikia wito wa Mola wake." Wakapiga makofi. Nikaketi, nikahisi nimekusitiri vyema.

Ndipo akasimama mama mmoja wa makamo katika watu wa Ndabibi. Kabla hajafungua kinywa nilikwisha kumtambua, kwa maana alivaa gauni la maua mekundu, na pindo lake lilikuwa limechanwa, likaungwa kitambaa cheupe.

"Mimi ni Tapkigen," alisema. "Nachuma pareto huko Ndabibi. Hiyo maneno mzee amesoma ni mzuri sana. Lakini mbona hamsemi mguu? Mimi nilichemshia Mbaruku maji kila siku gari inakuja. Nyinyi mnapima watu pale mbele, yeye anakuja nyuma ya nyumba yangu, namwosha, namfunga. Nguo ilikwisha, nikapasua hii. Nikamwambia, wewe mtu, daktari ni huyo hapo, tembea tu, mwonyeshe! Anacheka. Anasema, 'Mama, gari haiwezi kujibeba. Wakinilaza mimi, nani atawaleta hapa?'"

Akakaa. Kisha akasimama tena. "Mume wangu alikuwa hapo kila mara," alisema, "ndiye alimshikia mguu. Msifikiri mambo." Watu wa Ndabibi wakaitikia kwa kichwa. Kumbe shamba zima lilijua! Walikuwa wakikusikia juu ya boneti unawaambia wasifiche, nao wanajua soksini mna nini, na bado walikuja kupimwa. Hili nalo silielewi. Walikuja kwa ajili ya maneno yako, au kwa kukuonea huruma?

Daktari Wekesa aligeuka kwangu. "Mzee Athumani. Wewe ulimwosha. Ni kweli?"

Mbaruku, mimi ninayejivunia kwamba sijawahi kukosa neno, nilisimama na karatasi yangu mkononi. Nikatazama nyuma, nikaona Bi Zuhura amevuta buibui hadi machoni. Nikasema tu, "Mimi nilimwosha. Aliyeosha hana la kusema." Nikaketi.

Hilo ndilo linalonisumbua. Sikusema. Yeyote akiniapisha nitaapa kwamba sikusema. Lakini niliwasikia watu wakivuta pumzi ukumbi mzima, na Daktari Wekesa akaja akaniwekea mkono begani: "Nimeelewa, Mzee." Nikamwambia, "Mimi sikutamka neno!" Akajibu, "Ndiyo. Nimeelewa."

Kumbe kunyamaza nako ni kusema? Basi mtu afiche kwa kitu gani?

Wakati wa chai Bi Zuhura aliwapita watu wote akaenda moja kwa moja hadi kwa Tapkigen. Nilisimama, nikidhani patazuka maneno. Aliinama, akashika lile pindo la kitambaa cheupe, akalitazama sana. Kisha akavua leso yake ya juu, akamfunika nayo mabegani. Aliporudi alinipitia. "Shemeji, ulijua?" Nikatazama chini. Akasema, "Basi hata kwangu mimi huna la kusema," akaenda zake. Tangu siku hiyo huniletea mkate wa sinia kama kawaida, lakini huniwekea mezani, haniiti mlangoni. Sijui amenisamehe au ananiadhibu kwa sukari.

Na wewe? Maneno yako ya gari kujibeba nimeyageuza kila upande. Wakati mwingine naona ulikuwa shujaa. Wakati mwingine nakukasirikia hata natamani nikupige. Wakati mwingine nafikiri uliogopa kisu cha daktari tu, kama mtu yeyote, ukamtupia yule mama mzaha ili akuache. Ungeniambia mimi! Ningekuandikia ombi la likizo ambalo hata jiwe lingelikubali.

Madaktari wale walibishana alasiri yote. Mmoja alitaka liombwe gari la pili na dereva wa pili. Ombi nimekwisha kuliandika, jibu bado. Lakini Daktari Wekesa alisema kuna jambo lisilohitaji ombi. Kuanzia sasa, gari likifika shambani, kabla ya mgonjwa yeyote, atapimwa dereva, mbele ya watu wote. Nilikwenda nao Ndabibi kushuhudia. Kibet alikaa juu ya sanduku la dawa, amekufa kwa haya, akakunja suruali hadi magotini. Mama mmoja akapaza sauti, "Daktari, hiyo miguu ipatie uji kwanza!" Wakaangua kicheko. Wakiwa bado wanacheka, alijitokeza mzee mmoja kutoka nyuma ya ghala, akautoa mkono aliokuwa ameuficha ndani ya blanketi. Nami nikaitazama ile miguu ya Kibet, mizima, haina hata kovu, nikaanza kulia kama mtu aliyeonyeshwa jambo la kutisha. Mpaka leo sijui nililia kwa sababu gani.

Tulipokuwa tunarudi Daktari Wekesa alinigeukia. "Kibet anajua kuendesha, lakini hajui kuita watu. Mzee, wewe utaita?" Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa kalamu. Kibet akasema huku ametazama barabara, "Ataita kama karani wa kodi, watu wakimbilie msitu." Tulicheka sote, na katika kicheko kile nikajikuta nimekubali.

Kwa hiyo, ndugu yangu, nafunga maelezo haya bila ya kupata jibu nililoliomba. Lala salama katika mwanandani wako. Nilichokiona siku ile kitabaki kwangu mpaka na mimi nilazwe juu ya kitanda kile kile, na yeyote atakayenimiminia maji asikute kwangu la kuficha. Alhamisi gari linakwenda Ndabibi. Nitasimama pale ulipokuwa ukisimama, ingawa sitapanda boneti, magoti hayaruhusu. Nitayaita maneno yako yale yale. Na kabla sijamwita mtu yeyote, mbele ya Tapkigen na akina mama wote wa pareto, na wacheke wanavyotaka, mimi mwenyewe nitaipandisha kanzu yangu hadi magotini.

Ndimi niliyekuosha,
Athumani