Bronka Alivyolivika Gurudumu

Wola Dębowa,
30 Novemba 1932

Mpendwa Baba Mdogo Ignacy,

Pokea salamu tele kutoka kwetu. U mzima huko Detroit? Mgongo umepoa? Sisi wazima, ng'ombe kazaa, na mimi nazidi kuwa mzuri wa sura. Majirani wanajua, ila wananionea gere.

Uliuliza asili ya jina letu Kołodziej, maana wenzako kiwandani wanakusumbua. Kwamba ni fundi wa magurudumu, hilo unalijua. Babu Szczepan anasema mzee wetu wa kwanza alimtengenezea bwana wa shamba magurudumu ya gari lake. Bibi anasema alitengeneza moja tu, likachomoka mtoni bwana akiwa ndani, watu wakambandika jina kumcheka. Mimi namwamini Bibi. Siku hizi akina Kołodziej tumejaa kijiji kizima: kinyozi, muuza mayai, mpiga fidla. Fundi wa magurudumu hakuna hata wa dawa.

Jumamosi jambo hilo nusura limponze dada Bronka. Alikuwa anaolewa na Wawrzek Szewczyk, wa ukoo wa washona viatu, ambaye viatu vyake mwenyewe vinacheka. Kesho yake Majilio yanaanza, na padri hafungishi ndoa tena mpaka Krismasi ipite. Tena alikuwa na ndoa nyingine kijiji cha pili, akaapa kuwa saa tano hamsubiri mtu.

Tukienda kanisani, majirani wakatufungia njia, kama kila harusi. Nikatoa vodka, ndiyo ada yao. Jirani yetu Florek akaipokea, akainywa, wala hakusogea! Katikati ya barabara kaweka gari bovu, gurudumu moja kalilaza chini.

"Nyinyi si Kołodziej? Livikeni, ndipo bi harusi apite."

"Florek, kengele inalia!" Bronka akapiga kelele.

"Basi wahini, mafundi!"

Nikavua koti, Baba Mdogo, ungeiona misuli! Nikalivika chapuchapu. Gari likasogea kidogo, gurudumu likaenda zake mtaroni. Nilikuwa nimelivika kinyume.

"Walek, wewe fundi wa mdomo tu!" Florek akacheka mpaka akakaa chini.

Bronka akaruka kutoka gari letu la harusi, shada la maua kichwani. "Sogea huko! Mpaka altareni mimi bado Kołodziej." Wanaume wakanyanyua gari, yeye akaligeuza gurudumu, akalisukuma mahali pake, akaigongomea pini kwa kisigino cha kiatu. Kumbe miaka yote sisi wavulana tukicheza karata, yeye ndiye aliyekuwa akilipaka grisi gari la Baba. Florek mwenyewe akavua kofia.

Tulimkuta padri mlangoni, keshavaa koti aondoke; akalivua, akarudi nasi ndani. Alipoifunga mikono yao kwa stola nyeupe aliyoivaa shingoni, grisi ya mikono ya Bronka ikahamia kwa Wawrzek, ikahamia na kwenye stola. Alipomaliza kuwabariki, padri akaitazama.

"Hii nani ataifua?"

"Kołodziej, Baba Padri," akajibu Bronka. "Mimi tayari Szewczyk."

Kanisa zima likageuka kunitazama.

Babu, Bibi na maharusi wanakusalimu. Nibusie Mama Mdogo Rozalia. Mungu awape riziki, na baridi isiyouma.

Naishia hapa, maji ya kufulia stola yamechemka na doa bado lipo.

Wako akupendaye kuliko binamu zangu wote wakijumlishwa,
Walek Kołodziej