Papa Mbuzi ametolewa

Bukavu, Jumanne jioni

Basi imekwisha. Leo Ciza, anayeongoza filamu yetu ya katuni, ametangaza mbele ya wote kwamba tunamutoa Papa Mbuzi, yule mchekeshaji niliyemuchora. «Wafadhili hawamucheki,» amesema. Miaka miwili ya kuchora, umeme ukikatika kila siku, nusu ya wenzetu wamekimbilia Bujumbura, na sasa wanataka sungura mwenye miwani.

Sungura! Katika hadithi za kwetu sungura ndiye anacheka wengine, yeye hachekwi.

Sikumuambia Ciza kwamba yule mbuzi ni papa, baba yangu mwenyewe. Kofia ni yake, na ule mwanya wa meno, na ile namna ya kushika tumbo akicheka. Nilimuchora angali hai, akajitambua, akacheka mpaka machozi. Alikufa kabla hatujamufanya yule mbuzi atembee kwenye filamu.

Niliambiwa nitupe michoro. Nikaja nayo nyumbani, na maman akaikuta juu ya meza. Alichukua picha moja, akaisogeza kwenye mwanga. Nilifikiri amekasirika, kwamba nimemugeuza marehemu kuwa mbuzi.

«Hii bado iko na kazi?»

«Hapana, maman. Wameikataa.»

«Basi unipe. Picha zake zote ni za karte ya uchaguzi na za harusi za watu, amekunja uso kama anangoja hukumu. Sina hata moja anacheka.»

Ameitundika sebuleni, kando ya ile picha ya matanga.

Nimemuuliza wageni atawaambia nini.

«Nitawaambia ni bwana yangu.»