Pambano ya Nyundo na Mutoto Wake

Papa,

Jumamosi tumeondoa kilio yako. Mwaka moja umetimia. Hema tuliweka hapa nyumbani Cibitoke, viti tuliomba kanisani, watu walikula, walikunywa, walikusifu mupaka sauti zikawakauka. Ungefurahi sana. Ndiyo maana niko na hasira, na nakuandikia nikiwa nayo yote, sikuipunguza juu ya heshima.

Papa Zacharie, kinyozi wako, ndiye alianza. Baada ya sala, baada ya mujomba kushukuru wageni, akasimama na kijiko na chupa tupu ya bia. Nilijua palepale. Miaka yote ile, kila jioni, mulikuwa munacheza ile muchezo yenu kwenye saluni yake: munachukua bingwa wa boksi wa zamani na bingwa wa leo, watu ambao hawakukutana hata siku moja, munawapiganisha kwa mudomo. Mutu moja anasemea huyu, mwingine anasemea yule, kijiko inagonga chupa, raundi inaanza. We, bondia mwenyewe, ulipigana na wazito wote waliokutangulia na wote waliokufuata. Hukuanguka hata mara moja, juu ulikuwa unajisemea mwenyewe.

Jumamosi walikupiganisha na mudogo wangu Dieudonné, Dido wetu. We, Nyundo, ukiwa bado na miaka makumi mbili na tano, na mutoto wako wa mwisho, bingwa wa leo, wa miaka makumi mbili na tano. "Mutoto wa nyoka ni nyoka," wakasema, na hema nzima ikagawanyika mara mbili. Zacharie alikusemea we. Fundi viatu wa pale kona alimusemea Dido. Ukaanza na mukono ya kushoto, kama kawaida yako, Dido akainama, ukamufuata kwenye mbavu. Watu wazima walikuwa wanasimama juu ya viti vya kanisa. Mi nilikuwa napitisha sinia ya brosheti za nyama katikati yao.

Mi najua mikono yako, Papa. Nilikuwa na miaka tisa uliponipa kazi ya kukufunga bandeji kabla ya mazoezi. "Kidole gumba kwanza, Espé, halafu zunguka." Nilijiona mukubwa kuliko watoto wote wa avenue yetu. Na miaka ya mwisho ni mi niliyekufunga vifungo vya shati vidole vyako vilipokataa. Ni mi nilikunawisha. Uliweka viatu ndani ya sufuria ya maharage, ukaniambia nisikoroge, bado havijaiva. Daktari alituambia wazi, mbele yako: ni ngumi za zamani zimekula kichwa. Ulimucheka. Ulisema yule hajapigana hata na mbu.

Na hao rafiki zako. Miezi ya mwisho, wakiona umekaa kimya sana, wanagonga chupa. We unaruka kwenye kiti, mikono juu, unatafuta mutu wa kupiga. Wanacheka mupaka machozi. Zacharie aliniapia ni dawa, eti kengele inaamusha kichwa. Nilimuambia kichwa ya Papa si redio ya kugongwa ili iseme. Akanijibu mwanamuke hajui boksi. Na we, siku ile akili ilikuwa imetulia, ulinisikia, ukamuunga mukono yeye. Hiyo sijakusamehe bado.

Sasa sikia. Raundi ya tatu, Zacharie akagonga chupa, na Dido akasimama. Mikono juu, kidevu chini, vilevile kama we. Hema ikapiga makofi, walizani anawachezea. Mi nilikuwa karibu yake na sinia. Akanigeukia, akaniuliza pole pole, bila utani hata kidogo: "Espé, Papa iko wapi? Ni zamu yake."

Niliweka sinia chini. Nilimunyang'anya Zacharie ile chupa, nikawaambia: munataka kujua nani angeshinda, mi nitawasemea. Raundi ya kwanza, Nyundo anasahau jina ya muke wake. Raundi ya pili, anajikojolea kwenye kiti na wageni wako sebuleni. Raundi ya tatu, analia akiogopa kivuli chake kwenye ukuta. Nikawauliza nani anataka kumusemea tena. Mujomba alinivuta mukono, shangazi akafunika uso na kitenge. Nilikuaibisha, Papa, siku yako, mbele ya padri. Sijuti. Kidogo najuta. Apana, sijuti.

Jumapili asubuhi Dido alikuja kunipigia kelele. Eti nimeharibu jina ya familia, eti mwezi ujao anatetea mukanda na mutu wa Goma, na sasa watu watasema ameoza kichwa kama we. Nilimukumbusha aliyoniuliza ndani ya hema. Akaapa kwa kaburi yako kwamba nadanganya. Alikuwa anasema kweli yake, hakumbuki kitu.

Lakini we ulijua. Siku ile alipokuja kukusalimia, akakaa, akaenda kunawa mikono nje, akarudi, akakusalimia tena kutoka mwanzo, na habari za safari na yote. Akili yako ilikuwa wazi kabisa siku ile. Nilikuangalia, ukaniangalia. Dido alipoondoka nikakuomba, nilipiga magoti, Papa: mwambie aache, we atakusikia. Ukaniambia: "Muache. Bado hajanipita."

Bado hajanipita. Mutoto wako alikuwa anapotea mbele ya macho yako, na we bado uko saluni kwa Zacharie unapima nani mukubwa. Mutu gani anafanya vile? Nimekaa na ile neno mwaka nzima, nimeivaa na nguo nyeusi, na Jumamosi nguo nimevua lakini neno imebaki.

Kwa hiyo nimefanya. Licence yake ya boksi, ile karatasi ya ruhusa, Dido aliisahau juu ya meza yangu akitoka na hasira zake. Bila ile hawamupandishi ulingoni. Jumatatu nilishuka Rohero kwa daktari yuleyule wako, nikamueleza yote. Amesema amupime kichwa kwanza, na hataweka muhuri ya kumuruhusu kupigana kabla. Licence nimeificha pahali ambapo hata we huwezi kumuonyesha kwa ndoto. Dido anatuma watu kuiomba, yeye mwenyewe hanisalimii. Zacharie anatangaza kila pahali kwamba nimemuua Nyundo mara ya pili. Atangaze.

Basi lala, Papa. Nakupenda, na hiyo ndiyo inanichosha, ningekuchukia ningepumzika. Nakuahidi kitu moja: Dido hatapanda mwezi ujao, wala ule unaofuata, hata kama ni mi wa kulala kwenye mulango ya ukumbi wanipite juu. We siku za mwisho ulikuwa unaniita infirmière, muuguzi tu wa hospitali, unanishukuru kwa adabu kama mugeni. Yeye anichukie. Anichukie mupaka nizeeke, lakini anichukie akijua jina yangu.

Espérance