Unga wa Kupandisha Kinga

Ihanda, Mbozi

Kwako dada Restuta,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji Osward mnaamka salama na biashara ya hapo mpakani inakwenda. Huku tumeanza kuchuma kahawa, watoto hawajambo, na mke wangu Rozi anakusalimu. Mama leo anaendelea vizuri. Nalisema hilo mapema ili usome kwa utulivu, maana kwenye simu husikilizi. Nikianza tu kueleza, unasema mteja amefika.

Dada, umenichosha. Acha kumtumia mama ule unga wa kopo.

Nilishakueleza alichosema daktari. Mama hakuwa na kifua kikuu, ingawa alimezeshwa dawa zake bila nafuu. Ni pumu yake ya miaka yote iliyokutana na fangasi wa yale mahindi yenye ukungu aliyokuwa akiyachambua ghalani. Fangasi wenyewe si wengi. Kinachomtesa ni kinga ya mwili wake mwenyewe, inayowashambulia kupita kiasi mpaka njia za hewa zinavimba na kujaa makohozi mazito. Ndiyo maana akapewa vidonge vya kuituliza, pamoja na vya kuua fangasi. Nikakuambia kinga ya mama haijapungua, imezidi. Ukaitikia vizuri kabisa, halafu ukampa kondakta kopo jingine, limeandikwa kwamba linapandisha kinga!

Tena ukampigia mama mwenyewe ukamwambia vidonge vya hospitali vinammaliza. Jirani yetu mzee Jairo naye akadakia, akasema hata yeye amesikia hivyo. Nimebishana nao hadi sauti imekauka. Rozi alilificha kopo kwenye pumba za kuku, mama akalisaka mpaka akalipata.

Jumapili alirudi kutoka kanisani akishindwa kumaliza sentensi. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi na midomo imebadilika rangi. Tukamkimbiza hospitali, akawekewa oksijeni. Daktari alipouliza habari za vidonge, ndipo ikajulikana ameviacha ghafla, anakunywa unga tu. Aliyegombezwa ni mimi, dada, si wewe. Daktari alisema vidonge vile hupunguzwa polepole, na kwamba anayeviacha kwa mkupuo anaweza kufa. Nilisimama pale nikitazama viatu vyangu.

Alipopata nafuu nilimuuliza, tena kwa ukali, kwa nini anaamini kopo kuliko daktari. Nilitegemea atakutetea kama kawaida yake. Badala yake akasema, "Siuamini, mwanangu. Hata kuumeza kunanitia kichefuchefu. Lakini Restuta haji. Hupiga simu kuuliza kama nimekunywa. Nikimwambia nimeacha, atanipigia aniulize nini?"

Nilitoka nje nikamwachia Rozi amlishe uji.

Dada, ukiondoka Tunduma asubuhi, chakula cha mchana unakula kwetu. Mahindi mabovu tumeyatupa na mama hakanyagi tena ghalani. Vidonge amevirudia, ila ananinunia kila ninapomkumbusha. Njoo umkumbushe wewe. Njoo mikono mitupu, kaa naye. Mimi nimechoka kuwa mtoto anayefoka.

Hajui kwamba nimekuandikia haya, tafadhali usimwaibishe. Mfikishie shemeji salamu zetu zote, na Mungu awatunze njiani mtakapokuja.

Ni mimi mdogo wako,
Anyosisye