Fundi Hasikii Gari Lake Likilia

Shangazi, shikamoo, na hata kama mimi ndiye mkubwa kwako ipokee tu, mwenye shida hana umri. Naomba msaada wako na tafadhali usinicheke. Mume wangu ni fundi wa magari, gereji yake iko nyuma ya nyumba yetu, na mtaa mzima unamwita Sikio kwa sababu tangu ujana wake hakuwa na haja ya kukimbilia boneti, anakwambia liwashe, anafumba macho, halafu anasema hii ni beringi, ile ni mkanda, na hakosei, watu walikuwa wanaleta magari kutoka mbali wakitaka asikilize tu, sasa gari letu wenyewe, shangazi, gari letu sisi, kila likikata kona linalia ta-ta-ta-ta kwenye gurudumu la mbele, mimi nasikia, binti yetu anasikia, jirani tuliyempa lifti alisikia mpaka akashikilia mlango, ila yeye ametulia kwenye usukani anapiga mluzi.

Nikamwambia, baba, husikii hiyo? Akasema hamna kitu, ni mawe ya barabarani. Binti naye akamwambia, akafoka, tangu lini mmekuwa mafundi. Nikadhani ni kiburi, si wanasema mganga hajigangi, nikanuna na chakula nikampa cha baridi, Mungu anisamehe, hadi juzi nilipokuwa jikoni nikamwita, nikamwita tena, nikapaza sauti, na yuko palepale mezani amenipa mgongo, hakugeuka. Ndipo nikaanza kuunganisha mambo, redio anayoifungulia mpaka majirani wanalalamika, simu anayodai haikulia, na wateja siku hizi anawauliza "inalia vipi, hebu niigizie," nao wanacheka wakidhani anawatania.

Binti yetu ana mimba kubwa na baba yake ndiye anayempeleka kliniki kwa gari hilohilo, na njia ya kule ni mteremko wenye kona mbaya. Nimewaza akienda kununua vipuri nilichukue gari nilipeleke kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, mshindani wake, lakini mke wa Sikio akionekana kwa fundi mwingine si ndiyo nimemtangaza mume wangu? Nikisema, naona kama namuua. Nikinyamaza, naogopa kumpoteza mwanangu. Nifanye nini?

Mke wa fundi

*

Marahaba, mwenzangu. Sijacheka hata kidogo. Nimekaa na barua yako mpaka chai imepoa.

Tuanze na gari, maana lenyewe halitasubiri tumalize kulia. Kuanzia leo binti asipande gari hilo, atafutiwe usafiri mwingine. Kwa ulivyoeleza, gari linalolia hivyo likikata kona huku linakwenda, mara nyingi ni jointi ya ekseli, ile inayozungusha gurudumu la mbele huku ikiliruhusu kugeuka. Imefunikwa na mpira wenye mikunjo. Mpira ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na chuma kinaanza kusagana. Inama utazame nyuma ya gurudumu. Ukiona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya rimu, huna haja ya kuuliza mtu. Lakini kama linalia hata likiwa limesimama, mtu akizungusha usukani tu, basi huenda ni viungo vinavyoshikilia gurudumu, na kimoja kikiachia njiani gurudumu linalala. Hapo lisitoke hata getini.

Sasa nikugombeze kidogo. Nyote mnamuuliza "husikii?" Jamani! Ndilo swali la kumuuliza mtu wa hali hiyo? Mnambana ukutani halafu mnashangaa akifoka. Fundi ana macho na mikono pia. Mwambie, "Baba, nimeona grisi kwenye gurudumu la mbele, hebu njoo uangalie." Akishainua gari na kuliegemeza vizuri, ataitikisa ekseli kwa mkono na ulegevu ataukuta vidoleni. Kama ni ule mlio wa gari lililosimama, wewe zungusha usukani injini ikiwa imezimwa, yeye aweke kiganja kwenye springi, ikishtuka ataihisi. Kibovu atakibadilisha mwenyewe kwa mikono yake, na heshima yake itabaki palepale. Kwa mshindani usiende kwa siri, utatengeneza gari na kubomoa nyumba. Akikataa kabisa kuinama, mwambie usoni kwamba unalipeleka, kisha ulipeleke kweli.

Ila usidhani grisi ndiyo mwisho wa habari. Kuna siku mteja ataleta gari lenye mlio wa hatari, na Sikio atalirudisha barabarani likiwa hivyohivyo, na mficha maradhi kilio humuumbua. Lazima aambiwe, na aambiwe na wewe, chumbani kwenu, si mbele ya binti wala wateja. Kaa akuone uso, sema polepole, usipige kelele. Halafu nenda naye hospitali apimwe masikio. Huenda ni nta tu iliyoziba, huenda ni zaidi ya nta, hilo daktari ndiye atakayesema.

Unasema ukimwambia utamuua. Mwenzangu, hebu soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Fundi wa aina yake anayemwomba mteja amwigizie mlio wa gari, huyo hatanii. Anajua. Amejua kabla yako, na muda wote uliokuwa umemnunia alikuwa amelibeba hilo peke yake, anapiga mluzi ili msione anavyoogopa. Kwa hiyo huendi kumpa habari mbaya. Unakwenda kumwambia kwamba na wewe unajua, na bado ni mke wake. Nenda leo, kabla hajawasha gari.