Picha Arobaini na Moja za Naqara

Suva, 6 Machi 2023

Kwa Baba Mdogo Seremaia,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, goti limepoa, na Mama Mdogo Makereta ameacha kukohoa. Mimi sijambo. Bado inaniuma kwamba sikuwahi mazishi ya Ratu, chifu wetu. Nimesikia mmeifunga bahari, asivue mtu, kwa siku mia moja tangu tarehe 9 Februari, kama inavyotakiwa.

Kazini nimepewa programu mpya ya kuhifadhi picha, niipange mwenyewe kuanzia mwanzo. Ni kama ghala: kila picha inapewa jina, mahali, maneno ya kuitafutia, na orodha ya watu wanaoruhusiwa kuifungua. Picha za kwanza kuingia ni zenu, zile alizopiga Etuate wa ofisini kwetu kwa droni mwezi wa Januari alipokuja kupima mwamba. Ziko 1,140. Betri moja inairusha dakika ishirini na nane tu, kwa hiyo alibadilisha betri mara tisa, na alirusha asubuhi mapema kwa sababu jua likipanda maji yanang'aa na chini hakuonekani kitu. Ameniambia pia kwamba Mama Mdogo aliitupia droni kandambili. Anasema alikosa kidogo tu.

Nyuma ya mwamba naona kidimbwi cha mchanga kilichojaa majongoo bahari. Kinaitwaje? Nataka kila picha iwe na jina lake halisi.

Mwanao,
Ulamila

Navutuvatu, 14 Machi 2023

Mwanangu Ula,

Marahaba. Sisi wazima. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo limekuwa na faida. Kikohozi cha mama yako mdogo kimekwisha, maneno hayajaisha.

Kile kidimbwi ni Naqara. Njia yake inapita katikati ya miamba, na mgeni hawezi kuiona kutoka kwenye mashua. Walioijua walikuwa wanne. Ratu na baba yako wametangulia. Tumebaki mimi na Apakuki mpiga mbizi. Majongoo yale ndiyo yatakayopikwa kwa tui siku ya kuondoa tanga, tarehe 20 Mei. Vijiji saba vinakuja, na kila mmoja anajua Ratu aliyapenda.

Nijibu jambo moja. Hizo picha nani anaziona? Mama yako mdogo ananiambia, "Wewe mwenyekiti wa kijiji, umeruhusu kitu kichungulie jiko letu kutoka juu, halafu hujauliza kimeona nini." Nilimcheka, lakini nijibu.

Baba yako mdogo,
Seremaia

Suva, 27 Machi 2023

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Mimi mzima, nawaombea nanyi muwe hivyo. Asante kwa magimbi uliyompa nahodha wa meli. Nimekula na wenzangu hapa nyumbani, na hakuna kilichobaki.

Mtulize Mama Mdogo. Ghala lina kufuli. Folda ya Navutuvatu inafunguliwa na watu watano wa ofisi tu. Jina la Naqara nimeliandika kwenye picha arobaini na moja, moja baada ya nyingine. Lala usingizi.

Mwanao,
Ulamila

Navutuvatu, 25 Aprili 2023

Mwanangu Ula,

Natumaini wewe ni mzima. Huku afya ipo, amani hakuna.

Juzi Jumapili, tukiwa kanisani, mashua ya watu tusiowajua iliingia Naqara. Unajua kwetu Jumapili hakuna anayegusa maji, hata kuosha wavu. Kizee Losalini, asiyeweza kutembea, aliiona kutoka dirishani, akapiga sufuria kwa mwiko, lakini sisi tulikuwa tunaimba. Tulipotoka walikwisha kwenda. Jana nilizamia mwenyewe na goti langu hili. Mchanga mtupu. Wamechukua hata madogo kama kidole, wakauze.

Hawakutafuta, Ula. Waliingia moja kwa moja kama watu wanaorudi kwao. Mtu amewaelekeza, na tunaoijua njia tuko wawili. Mimi nilikuwa benchi la mbele. Apakuki hakuwepo kanisani. Anasema sikio lilikuwa linamtoka usaha.

Kwenye kikao niliuliza mbele ya watu wote: "Apakuki, sikio lako linauma Jumapili tu?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Baba yako mdogo,
Seremaia

Suva, 3 Mei 2023

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hamjambo. Mimi nipo.

Poleni sana. Sijui niseme nini. Labda watu wale walibahatisha. Naomba msiharakishe kumhukumu Apakuki. Masikio ya wapiga mbizi huwa yanaumwa kweli. Kazi ni nyingi, nitaandika zaidi.

Ulamila

Navutuvatu, 9 Mei 2023

Mwanangu Ula,

Tumepata nusu ukurasa wako. Mama yako mdogo ameigeuza akitafuta upande wa pili. Unaumwa?

Ya huku ni haya. Wazee walimtaka Apakuki alete jino la nyangumi, apige magoti mbele ya nyumba ya Ratu, aombe msamaha, yaishe. Ni njia ya heshima, na wengi wamepita humo. Akajibu, "Jino ninalo. Kosa ndilo sina. Niwape lipi?" Kijana mmoja akamwambia akaulize majongoo. Wakakaribia kushikana.

Sasa tukikaa kunywa yaqona, watu hawampi bakuli. Linampita, linakwenda kwa anayefuata. Wanawe wanakula peke yao baada ya ibada. Ijumaa iliyopita alihamia kwenye kibanda cha shambani, upande wa pili wa kilima, na mkewe amemfuata. Wazee wamesema asipoomba msamaha kabla ya tarehe 20, asirudi.

Inaniuma, nimekua naye. Lakini kama si yeye, basi ni mimi.

Baba yako mdogo,
Seremaia

Suva, 11 Mei 2023

Kwa Baba Mdogo Seremaia,

Shikamoo. Leo sitauliza hali, kwa sababu ninaijua, na niliyeileta ni mimi.

Si Apakuki. Si wewe. Nitaandika kwa tarehe, kama nilivyoandika kwenye shajara yangu, ili usiniache nijifiche popote.

Tarehe 6 Machi Etuate alilalamika kwamba nywila ya ghala ni ndefu na anataka kuona picha zake kwenye simu. Kumridhisha, niliweka tiki kwamba chochote kinachotoka kwenye droni kiwe wazi kwa kila mtu mtandaoni. Tarehe 7 niliandika kwenye shajara: "Kesho nitaondoa tiki." Sikuiondoa.

Kufikia tarehe 27 Machi ulikuwa umeniuliza nani anaziona. Niliifunga folda, nikakuandikia ulale usingizi. Lakini tiki ile ilikuwa na nguvu kuliko folda, na sikujaribu hata mara moja kufungua picha kama mgeni. Ingenichukua dakika moja.

Kila picha ya droni inabeba ndani yake namba za mahali ilipopigwa. Mwenye picha zile anaiona njia kati ya miamba na anafika bila kuuliza mtu. Mimi nikaongeza jina, na kwenye maneno ya kutafutia nikaandika "majongoo bahari, mengi". Tarehe 11 Aprili mtu nisiyemjua alitafuta neno "majongoo". Programu ikampa Naqara. Alichukua zote arobaini na moja.

Haya niliyasoma kwenye kumbukumbu za programu tarehe 27 Aprili, siku moja baada ya kupata barua yako. Niliondoa tiki siku hiyo hiyo. Kisha nikakaa siku sita, nikakuandikia nusu ukurasa. Sikuwa mgonjwa, Baba Mdogo. Nilijua, nikamwacha Apakuki abebe. Nilijiambia yatapita. Bakuli lilikuwa linampita yeye.

Kosa la tiki naweza kulieleza ofisini, na jana nimelieleza. Zile siku tangu tarehe 27 Aprili siwezi kumweleza mtu.

Naomba uisome barua hii mbele ya kijiji, yote, bila kuruka mstari. Nitapanda meli ya Alhamisi tarehe 18. Jino la nyangumi la baba liko kwangu. Ninalileta.

Mwanao,
Ulamila

Navutuvatu, 16 Mei 2023

Mwanangu Ula,

Nampa nahodha barua hii ili uipate kabla hujapanda. Sisi wazima wa mwili.

Niliisoma Jumamosi mbele ya kijiji, yote. Palepale ulipoandika kuhusu siku sita nilishusha karatasi, na mama yako mdogo akasema, "Endelea, mwanao kasema usiruke." Nikaendelea. Nikamaliza. Kisha Kizee Losalini akauliza kwa sauti kutoka dirishani kwake, "Na yule aliyeuliza habari za sikio, yeye hana barua?"

Kwa hiyo usilete jino kwangu wala kwa wazee. Sherehe ya tarehe 20 itakuwa na samaki wadogo badala ya majongoo, na vijiji saba vitaambiwa kwa nini. Hilo tutalibeba sote.

Jumapili baada ya ibada nilichukua jino langu, nikavuka kilima hadi kibandani. Nilipiga magoti mlangoni, nikasema maneno yanayosemwa. Mkewe alitoka, akanipita kwenda kuteka maji. Apakuki yuko ndani, nilimsikia anakohoa. Hakutoka, na jino langu hakulipokea. Jana nilikwenda tena. Leo pia, hadi meli ilipopiga honi nikashuka kukuandikia.

Usipitie nyumbani kwanza. Meli ikifika Ijumaa, mama yako mdogo atachukua mzigo wako gatini. Wewe panda kilima moja kwa moja na jino la baba yako. Utanikuta mlangoni. Nimetandika mkeka unaotosha watu wawili.

Baba yako mdogo,
Seremaia